"Karudishwa nyumbani" haimaanishi "kakatiwa tamaa": tuelewane kuhusu kumhudumia mgonjwa wa kansa nyumbani

Kuna ujumbe mmoja ukiingia kwenye grupu la ukoo huku Mwanza watu wanaanza kuulizana nauli. "Mama wameshamruhusu, wamesema akaendelee nyumbani." Hapo grupu zima kimya, halafu mmoja anaandika "tumwachie Mungu", mwingine anapiga simu pembeni kuuliza kama aombe ruhusa kazini kabisa, na kuna yule mjomba ambaye hata hajauliza dokta kasema nini ila ameshaanza kuongelea shamba la Magu litabaki kwa nani. Mgonjwa mwenyewe yuko kwenye bajaji anashuka mlima wa hospitali ya Bugando na mfuko wake wa dawa, anawaza kuoga na kulala kitandani kwake, sisi huku tumeshamzika.

Tatizo ni kwamba tunachanganya mambo matatu tunayaita jina moja, basi tuyatenganishe kwanza.

Saratani, ambayo wengi tunaiita kansa na ni kitu kilekile, ni pale chembe za sehemu fulani ya mwili zinapozaliana ovyo bila kusimama, na baadaye zinaweza kuhama zikaote sehemu nyingine. Kuna matibabu yanayoipiga kansa yenyewe, yaani upasuaji, mionzi, na kemo ambayo ni zile dawa kali za dripu au vidonge. Hilo la kwanza. La pili ni tiba shufaa, ambayo inashughulika na mateso yanayoletwa na kansa: maumivu, kutapika, kukosa usingizi, kidonda chenye harufu, hofu ya usiku, hata mgogoro wa familia kuhusu hela. La tatu ni huduma ya nyumbani, na hii wala siyo aina ya dawa, ni mahali tu. Maana yake ile kazi ambayo nesi angeifanya wodini, au sehemu yake kubwa, inafanyikia chumbani kwa mgonjwa, anayeifanya ni ndugu aliyeelekezwa, na nyuma ya huyo ndugu awepo nesi au mhudumu wa afya anayefuatilia.

Ukishayatenganisha hivyo utaona mtu anaweza kuwa nyumbani huku bado yupo kwenye matibabu ya kupona kabisa. Chukulia kemo. Kemo nyingi zinarudiwa kila baada ya siku 21, mgonjwa anaenda anawekewa dripu siku moja au mbili, akimaliza anarudi. Hizo siku nyingine karibu 20 nani anakaa naye? Ni nyie. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ugonjwa wa kansa inauguzwa nyumbani hata kwa mtu ambaye mwakani atakuwa anauza samaki wake soko la Mwaloni kama kawaida, na hospitali kumruhusu hakujawaambia chochote kuhusu kupona au kufa. Mnatakiwa muulize: amerudi nyumbani kusubiri dozi inayofuata, amemaliza matibabu, au matibabu ya kuipiga kansa yamesimama na sasa tunabaki na ya kumpunguzia mateso? Haya ni majibu matatu tofauti kabisa na dokta anatakiwa awaambie ni lipi.

Na hata likiwa lile la tatu bado siyo kwamba "hakuna cha kufanya". Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida peke yake, la pili likapewa hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzoni. Waliopata shufaa waliishi kwa unafuu zaidi, wenye sonona kati yao walikuwa wachache, halafu wakaishi muda mrefu zaidi, miezi kama 11.6 wakati wenzao ni 8.9. Kwa hiyo ile dhana kwamba tiba shufaa ni ya kumsindikiza mtu haina mashiko, inatakiwa ianze siku kansa inapogundulika, iende sambamba na kemo au mionzi, na iongezeke pale hivyo vingine vinapopungua.

Zamani kidogo mtu wa kanda ya ziwa aliyehitaji mionzi ilikuwa lazima asafiri mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Sasa hivi Bugando ina mionzi na kemo, na watu wanatoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga wote wanapanda mlima uleule. Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 nalo limesaidia sana, wa Sengerema na Geita hawakai tena foleni ya kivuko na mgonjwa anayetapika kwenye gari. Ila mtu wa Ukerewe au Ukara bado anategemea chombo cha majini, na huyo kumwambia "njoo kila ukiumwa" ni kumwambia abaki na maumivu yake, ndo maana huduma ya nyumbani kwake siyo anasa hata kidogo.

Tuje kwenye jambo linalotisha watu kuliko yote. Mofini.

Nimeshasikia mtu mzima, msomi, anasema kabisa "wakishakuandikia mofini ujue wanakumaliza kiupole". Na kuna familia zinaipokea chupa hospitali zikifika nyumbani zinaiweka juu ya kabati, mgonjwa anakandwa maji ya moto na kupewa panadol huku anauma shuka usiku kucha. Hii inaniumiza sana kwa sababu ni mateso yanayoondoleka.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa kutibu maumivu ya kansa kwa ngazi. Maumivu madogo, panadol au diclofenac. Yakizidi, dawa kama kodeini au tramado. Yakiwa makali, mofini. Huku kwetu mara nyingi inatolewa ile ya maji ya kunywa, chungu kwelikweli, na huwezi kuinunua duka la dawa la mtaani kwa sababu inasimamiwa na serikali, inatoka hospitali zilizoruhusiwa. Inakaa mwilini kama saa 4 hivi ndo maana inanywewa kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku ambapo mara nyingi dokta anaandika dozi mara mbili ili mgonjwa alale mpaka asubuhi bila kuamshwa.

Kosa kubwa la nyumbani ni kusubiri mgonjwa alie ndipo apewe. Wavuvi wa dagaa wanalielewa hili haraka kuliko sisi wengine, karabai inapigwa pampu wakati bado inawaka vizuri, ukisubiri ifubae mpaka izime itabidi uanze upya na spiriti, upashe moto upya, na kufika hapo dagaa wameshatawanyika. Maumivu yakishapanda juu yanahitaji dawa nyingi zaidi na muda mrefu zaidi kuyashusha kuliko kama ungempa kwa wakati wake akiwa bado ametulia. Kwa hiyo hata kama anacheka na wajukuu, saa ikifika anakunywa. Na muulize dokta kuhusu dozi ya katikati, maana maumivu yakichomoza kabla ya saa, mfano wakati wa kumgeuza au kumsafisha kidonda, huwa kuna kiasi anachoruhusiwa kuongezewa, kiandikwe kabisa kwenye karatasi.

Je, inaua? Dozi iliyopimwa na kupandishwa kidogokidogo haimuui mgonjwa. Kinachotokea ni kwamba tunaikataa miezi mitatu, tunaikubali wiki ya mwisho mgonjwa akiwa ameshaisha, anafariki, halafu chupa ndo inabeba lawama. Je, atakuwa teja? Mwili unaizoea ndiyo, na kwa sababu hiyo haikatizwi ghafla, inashushwa taratibu kama maumivu yamepungua, lakini kuzoea huko siyo ule uteja wa kijiweni wa mtu kuhangaika kutafuta kulewa. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na anaweza kutapika, hayo yanapita. Kisichopita ni choo kigumu, yaani hicho ni lazima, kwa hiyo mofini ikiandikwa bila dawa ya kulainisha choo uliza hapohapo dirishani. Cha kuogopa kweli ni mgonjwa analala kiasi kwamba ukimwita na kumtikisa haamki, au anahema polepole sana kwa nafasi, hapo usimpe dozi inayofuata, piga simu na mpelekeni. Hii inatokea zaidi kwa mtu ambaye figo zimeanza kuchoka, na kansa ya mlango wa kizazi ikisogea huwa inabana njia ya mkojo figo zikaathirika, ndo sababu dozi ya mama yako huwezi kuilinganisha na ya mama wa jirani hata kama kansa inaitwa jina moja.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa walishalitatua hili mapema. Uganda kuna Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, wakaanza kutumia mofini ya maji ya bei nafuu, na tangu 2004 manesi waliosomea shufaa wanaruhusiwa kisheria kuiandika bila kusubiri daktari. Ukifikiria kijijini daktari yuko wapi na nesi yuko wapi unaona akili ya huo uamuzi. Hapa Tanzania nako hospitali ya Selian, Arusha, ilianza huduma ya kuwafuata wagonjwa majumbani mwishoni mwa miaka ya 90, kwa hiyo siyo kitu kigeni kilicholetwa juzi.

Sasa kuna hili la homa, na hapa naomba mtu wa kanda ya ziwa asome mara mbili kwa sababu sisi homa tumeizoea. Huku mtu akichemka tu, malaria, tunanunua dawa mseto tunamfunika shuka. Kwa mtu aliyepigwa kemo hiyo tabia inaweza kumuua. Kemo inashusha askari wa mwili, na mara nyingi wanakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Kipindi hicho kijidudu kidogo ambacho wewe usingekisikia kinaweza kumwangusha ndani ya masaa machache. Nunueni kipimajoto. Ikisoma 38 au zaidi, au anatetemeka kwa baridi hata kama kipimo hakijafika huko, safari ya hospitali ni sasa hivi, iwe saa 8 ya usiku, iwe mvua, na mkifika semeni sentensi ya kwanza kabisa "huyu ni mgonjwa wa kansa yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani" ili asiwekwe kwenye benchi. Usimpe panadol kwanza "tuone itakuwaje", inashusha joto kwenye kipimo wakati ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Malaria atapimwa hukohuko.

Dharura nyingine ambayo watu hawaijui: mgonjwa wa kansa akianza kuumwa mgongo halafu miguu inakosa nguvu au inakufa ganzi, au mkojo na haja vinaanza kumtoka bila kujua. Watu wanasema ni uchovu wa kulala. Inaweza kuwa kansa inabana uti wa mgongo, na akiwahi anaweza kuendelea kutembea, akichelewa miguu hairudi.

Kazi za mikono zenyewe hazihitaji shule kubwa ila zinahitaji mpangilio. Mtu asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa kama mawili ili asipate vidonda vya kulalia, shuka linyooshwe lisiwe na mikunjo, mifupa ya nyonga na visigino ikaguliwe kila siku, pakionekana wekundu au weusi usio wa kawaida hapo pasilaliwe tena. Mdomo unasafishwa kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo hata kama hajala. Kidonda kinasafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita, siyo spiriti wala majivu wala asali ya kuazima kwa jirani. Harufu ndiyo inayoua heshima ya mgonjwa kuliko kitu kingine, kuna kina mama wenye kansa ya titi wanakataa wageni kwa ajili ya hiyo tu, na dawa yake ipo na ni rahisi, manesi wa shufaa huwa wanaelekeza kusaga vidonge vya metronidazole, hivi tunavyoviita Flagyl, na kunyunyizia ule unga juu ya kidonda kilichosafishwa. Uliza nesi wako kama kidonda chenu kinafaa. Na siku mbili baada ya kemo, anayeshika matapishi, mkojo au shuka lililochafuka avae glavu, sababu dawa inatoka kwa njia hizo.

Halafu kuna milima yetu. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Bugarika, gari linaishia chini, kilichobaki ni ngazi za mawe, na choo kiko nje upande wa pili wa jiwe. Nimeona familia imechukua kiti cha plastiki cha kawaida wakakitoboa katikati wakaweka ndoo chini, kazi ya dakika ishirini, mzee akaacha kubebwa usiku kama mtoto. Kama kuna ndugu anayeishi sehemu tambarare, Buhongwa au Igoma huko, bora mgonjwa akae kwake kipindi cha matibabu, hata kama kiutaratibu alitakiwa akae kwa mtoto mkubwa. Na suala la nani anamwogesha nani lizungumzwe mapema bila aibu. Unakuta mkwe wa kiume yuko nyumbani siku nzima ana nguvu zake lakini mama mkwe hawezi kuogeshwa naye, na mama mwenyewe atakataa hata akiwa hoi, basi huyo mkwe apewe kazi ya maji, ya famasi, ya kulipa bajaji, na binti au shangazi ashike beseni.

Chakula. Kila mgeni anayekuja anakuja na katazo lake, huyu anasema asile sukari kansa inalishwa na sukari, yule asile nyama nyekundu, mwingine asinywe maziwa, mwisho mgonjwa anabaki na mchicha na maji ya vuguvugu. Chembe zote za mwili zinatumia sukari, za kansa na zisizo za kansa, na hata usipokula sukari mwili unaitengeneza wenyewe kutoka kwenye vyakula vingine, kwa hiyo kumnyima uji wenye sukari mtu aliyekonda ni kumkondesha zaidi. Sipigi debe la soda tatu kwa siku. Mtu wa kemo anahitaji protini na nguvu: mchuzi wa sato, dagaa waliosagwa kwenye uji, mayai yaliyoiva vizuri, karanga, kidogokidogo mara nyingi, vyote vimepikwa vikaiva na maji yamechemshwa. Kama harufu ya jiko inamtapisha mpe vilivyopoa. Ila ikifika siku za mwisho kabisa mwili unakuwa hauhitaji tena chakula, mtu hafi kwa sababu hajala, anaacha kula kwa sababu mwili unafunga kazi, na kumlazimisha kijiko hapo kunampalia. Kwa mama zetu hili ni gumu, kwa sababu kwetu kumpenda mtu ni kumlisha.

Kuambukiza: kansa haiambukizi. Kikombe chake, kitanda chake, kumkumbatia, kulala naye, hakuna shida. Anayechomwa mionzi kutoka kwenye mashine haji na mionzi nyumbani, anaweza kumpakata mjukuu. Kinachochanganya watu ni kwamba baadhi ya visababishi vinaambukiza, mfano kirusi cha HPV kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi, ambacho chanjo yake mabinti wanapewa nchini tangu 2018, au kichocho cha mkojo ambacho huku kanda ya ziwa kimeshawaharibu wengi vibofu. Hivyo vinaambukiza kwa njia zake, ila uvimbe wenyewe haurukii mtu. Na kile kipimo cha kukata kinyama hakisambazi kansa, huwa tunaambiwa "alikuwa mzima mpaka walipomgusa", wakati ukweli alienda kuguswa kwa sababu hakuwa mzima.

Dawa za asili sitazitukana, bibi zetu wametutibu. Lakini mwaka 2011 tuliona wote umati ulioelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya asili, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Mchanganyiko usiojua umetengenezwa na nini ukikutana na kemo kwenye ini au figo unaweza kuleta balaa, na dokta akiona vipimo vya ini vimepanda anasimamisha kemo bila kujua sababu. Kama mgonjwa anatumia kitu, semeni kliniki. Mkikaripiwa vumilieni, ila semeni.

Sasa lile la kumficha. "Dokta usimwambie mama, mwambie ni vidonda vya tumbo." Nia nzuri kabisa, lakini mama anapandishwa kwenye jengo la saratani, nywele zinadondoka, watoto waliokuwa hawapigi simu wanapiga kila siku, unadhani hajui? Anajua, anawalinda nyie kama nyie mnavyomlinda yeye, na kila mtu analia peke yake chumbani kwake. Mgonjwa anayejua anaweza kusema anaumwa wapi, anataka kufanya nini, hati ya kiwanja iko wapi, anataka apatane na nani. Simaanishi umwage yote siku moja. Muulizeni anataka kujua kiasi gani, mara nyingi atawashangaza.

Na anayemhudumia naye ni mtu. Kawaida ni binti mmoja, ambaye hajaolewa au aliyeachika, anaonekana hana majukumu basi anabebeshwa yote. Ikipita miezi mitatu amekonda kuliko mgonjwa, genge lake limekufa, na kaka zake wa Dar wanampigia kumuuliza kwa nini mama amelala na shuka chafu. Pangeni zamu na mpange hela. Mimi hili la michango huwa silielewi, msiba ukitokea grupu linakusanya laki kadhaa usiku mmoja, turubai, viti, pilau, lakini mtu akiwa hai akaomba elfu ishirini ya pampasi na nauli ya kliniki watu wanasoma meseji na kupita. Halafu kuna hesabu ambayo familia zinaifanya kimyakimya, kwamba ni nafuu kumsafirisha mtu akiwa hai kwenda Biharamulo kuliko kusafirisha mwili. Siwalaumu, ni hesabu ya kweli, ila aulizwe mwenyewe anataka kuwa wapi, na huko anakoenda dawa ya maumivu iwepo.

Nani anakuja nyumbani? Hapa tusidanganyane, haiko sawa kila mahali. Nchi hii ilishawahi kujifunza kazi hii kipindi cha ukimwi, wahudumu wa wagonjwa majumbani walikuwa wanazunguka na mikoba yao, wengi wanawakumbuka. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hao wanaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na zahanati yenu, waulizieni hapo. Jumuiya za makanisa na misikiti nazo zina watu wanaotembelea wagonjwa, ila waambieni mnahitaji nini, vinginevyo watakuja kumi na tano kuimba wakati mlikuwa mnahitaji wawili wa kufua. Kitu cha kuhakikisha ni kwamba hamtoki hospitali mikono mitupu: namba ya simu ya kitengo au nesi na masaa ya kuipiga, karatasi yenye dawa zote na saa zake kwa Kiswahili kinachosomeka, dawa ya choo, maelezo ya kidonda mliyoonyeshwa kwa mikono siyo kwa mdomo, dalili za kuwarudisha haraka, na lini mofini inafuatwa tena. Mtu wa visiwani asisubiri chupa ifike chini, upepo ukichafua ziwa siku mbili mgonjwa ndiye anayelipa, bora aombe mapema apewe ya kutosha safari na akiba kidogo.

Siku za mwisho zikifika, mikono na miguu inapoa, mkojo unapungua, anahema kwa kukatisha, kooni panakuwa na sauti ya mkoromo inayotutisha sisi zaidi kuliko inavyomsumbua yeye, mlazeni ubavu. Hapo kumkimbiza hospitali kwa bajaji mara nyingi kunamwongezea mateso tu, kama mlishakubaliana na dokta abaki nyumbani basi abaki, dawa ya maumivu iendelee hata kama hamezi vizuri, pigeni simu mwelekezwe namna ya kuipitisha kwenye shavu au chini ya ulimi.

Na mofini itakayobaki irudisheni hospitali ilikotoka, wakati mkiwa nayo ikae juu mbali na watoto na isigawiwe. Jirani mwenye mgongo wake wa siku nyingi akija kuomba "tone moja tu, nimesikia ni kiboko", jibu ni hapana, aende akapimwe.